Filamu Haijihariri: Hoja ya Kumpa Mhariri wa Filamu Nafasi Yake

1. Utangulizi

Mtu atokaye sinema huwa na majina mawili au matatu kichwani. Huyajua majina ya waigizaji wakuu, na akiwa mtazamaji makini hulijua la mwongozaji pia. Akiulizwa ni nani aliyeamua kwamba uso wa mama uonekane kabla mlango haujafunguliwa na si baada yake, au kwamba kimya fulani kidumu kwa sekunde nne badala ya mbili, hana jibu. Na pengine hajapata kufikiri kwamba kuna mtu aliyeamua. Mtu huyo yupo. Anaitwa mhariri wa filamu, na aghalabu jina lake hupita mwishoni, kwa herufi ndogo, watazamaji wakiwa wameshasimama na taa zimeshawashwa.

Makala haya yanatetea maoni kwamba mhariri wa filamu anastahili kutajwa waziwazi, mahali panapoonekana, sambamba na mwongozaji, mwandishi wa mswada na mpigapicha. Hoja hii haijengwi juu ya huruma. Inajengwa juu ya asili ya kazi yenyewe: ikiwa filamu ni aina ya usemi, basi kazi ya mhariri imo katika sarufi ya usemi huo, wala si katika mapambo yake. Makala yanaanza na suala la lugha, yanaeleza kazi ya mhariri kwa jicho la isimu, yanapitia mifano michache ya kihistoria, kisha yanajibu pingamizi ambazo hutolewa mara kwa mara. Mwisho yanatoa mapendekezo, na baadhi ya mapendekezo hayo yanawahusu wasomi wa Kiswahili wenyewe.

2. Jina la Kazi na Kauli za Vitenzi

Lugha mbalimbali zimeipa kazi hii majina yanayotofautiana kwa namna inayofundisha. Waingereza na Wajerumani wamezoea kuitaja kwa maneno yenye maana ya kukata. Wafaransa huitaja kwa neno lenye maana ya kupandanisha na kuunganisha vipande, kama fundi aunganishavyo sehemu za mashine. Jina la kwanza huonyesha kinachotupwa. Jina la pili huonyesha kinachojengwa. Kiswahili kimechukua njia ya tatu. Mitaani mtu huyu huitwa edita, lakini katika maandishi rasmi huitwa mhariri, neno lile lile linalotumika kwa vitabu na magazeti.

Asili ya neno hilo ni Kiarabu, na katika Kiarabu nomino tahrir ina maana mbili: uhariri na ukombozi. Uhusiano huu wa maana unafaa kukumbukwa. Mhariri wa filamu hupokea lundo la picha na sauti zilizorekodiwa bila kufuata mpangilio wa hadithi, nyingi zikiwa marudio ya tukio moja, na kazi yake ni kuikomboa filamu kutoka katika lundo hilo. Hata hivyo, jina mhariri lina hasara yake pia. Msomaji wa Kiswahili akilisikia humfikiria mtu anayesahihisha tahajia na kuondoa marudio katika kazi iliyokwisha kuandikwa na mwingine. Mhariri wa filamu hafanyi hivyo. Kabla ya kazi yake hakuna filamu ya kusahihishwa. Kuna malighafi tu.

Kiswahili chenyewe kinaonyesha vizuri jinsi mhariri anavyopotea. Kitenzi unga kikiwa katika kauli ya kutendwa, yaani ungwa, humwachia mtenda nafasi: picha zimeungwa na fulani. Msikilizaji asipotajiwa mtenda, anayo haki ya kuuliza. Lakini katika kauli ya kutendeka mtenda hana nafasi kabisa. Ikisemwa kwamba picha zimeungika, au kwamba hadithi imepangika, hakuna anayeuliza ni nani aliyezipanga, kwa kuwa umbo la kitenzi limekwisha kufunga mlango huo. Watazamaji na wahakiki wengi huuzungumzia uhariri kwa kauli hii ya pili, au kwa vitenzi vinavyofanana nayo kimaana: filamu inakwenda vizuri, filamu imetulia, filamu inavuta. Husemwa kana kwamba filamu ilijikata na kujiunga yenyewe. Lakini filamu haijihariri.

Jambo jingine ni kihusishi -a. Katika fungu la maneno kama filamu ya Scorsese, kihusishi hiki kinaweza kuonyesha umiliki, utunzi, au uongozi tu. Kwa utata huo, mtu mmoja hujikuta amerithishwa kazi ya watu kadhaa. Hakuna anayekusudia kudhulumu asemapo hivyo. Lakini dhuluma nyingi za majina huingia kwa mazoea ya lugha, na ndiyo maana suala hili linawahusu wanaisimu kama linavyowahusu watu wa filamu.

3. Uhariri kama Sarufi

Mwanaisimu anajua kwamba maana haimo katika maneno peke yake. Sentensi Asha amemwona Juma na Juma amemwona Asha zina maneno yale yale matatu, wala hakuna kiambishi kilichobadilika. Tofauti ya maana imeletwa na mpangilio tu. Aliyeyachagua maneno amefanya kazi muhimu, lakini ni mpangilio uliotuambia nani aliona na nani alionekana.

Jambo hili lilionekana katika filamu miaka michache tu baada ya mapinduzi ya Urusi ya mwaka 1917, katika majaribio yanayohusishwa na Lev Kuleshov. Kwa mujibu wa masimulizi yanayojulikana, Kuleshov alichukua picha ya uso wa mwigizaji Ivan Mozzhukhin, uso usioonyesha hisia yoyote bayana, akaiunganisha na picha mbalimbali: bakuli la supu, kisha jeneza. Uso ulikuwa ule ule. Hata hivyo watazamaji waliona njaa mbele ya supu na majonzi mbele ya jeneza.

Jaribio hilo hutajwa sana katika mafunzo ya filamu ili kuthibitisha nguvu ya mpangilio. Lipo funzo la pili ambalo halitajwi sana. Inasimuliwa kwamba watazamaji walimsifu mwigizaji kwa ustadi wake wa kuonyesha hisia. Hisia ilizaliwa katika maungio ya vipande viwili, lakini sifa ikaenda kwa uso. Historia ya mhariri wa filamu tangu siku hizo hadi leo imo katika kisa hicho kifupi: maana huzaliwa mkononi mwake, na shukrani hutolewa kwa mwingine.

Mpangilio si kazi pekee ya mhariri. Yapo pia mapigo. Anayeghani shairi la Kiswahili anajua kwamba mizani inaweza kutimia na vina vikalingana, na bado shairi likaharibika kwa sababu kituo kimewekwa pasipo pake. Mhariri huamua muda wa kila kipande, mahali pa kuvuta pumzi, na mahali pa kukata neno la msemaji mmoja ili uso wa msikilizaji uonekane. Uamuzi wa robo sekunde unaweza kugeuza kichekesho kuwa jambo la kawaida, au kugeuza huzuni kuwa kitu cha kuchekesha. Mwigizaji akisifiwa kwa kujua wakati wa kunyamaza, yafaa ikumbukwe kwamba huenda alirekodiwa akinyamaza mara saba kwa urefu tofauti, na kwamba kuna mtu aliyekichagua kimya kimoja na kukipima.

4. Ushahidi wa Historia

Filamu za mwanzo kabisa, kama zile ambazo ndugu Lumière walizionyesha hadharani mjini Paris mwezi Desemba 1895, kwa kawaida zilikuwa kipande kimoja kisichokatwa, kisichozidi dakika moja. Kwa hiyo sanaa ya filamu iliweza kuanza bila mhariri. Lakini haikuweza kusimulia kwa mapana bila yeye. Hadithi ndefu, matukio yanayokwenda sambamba mahali pawili, kumbukumbu na mashaka, yote haya yalikuja pale ukanda wa filamu ulipoanza kukatwa na kuungwa kwa makusudi.

Mfano unaostahili kutazamwa kwa karibu ni wa Elizaveta Svilova. Mwaka 1929 ilitoka katika Muungano wa Kisovieti filamu ya Dziga Vertov iitwayo Mtu mwenye Kamera ya Filamu. Svilova, aliyekuwa mke wa Vertov, ndiye aliyeihariri. Tena, jambo ambalo ni nadra, anaonekana ndani ya filamu yenyewe: ameketi mezani pake, anapanga kanda, anakata, anaunga, picha zilizokuwa zimesimama zinaanza kutembea chini ya mikono yake. Mwaka 2014 jarida la Sight and Sound la Uingereza lilipokusanya kura za wahakiki na watengenezaji wa filamu, filamu hiyo ilichaguliwa kuwa bora kuliko zote za hali halisi. Ni vigumu kufikiria filamu inayotegemea uhariri zaidi ya hiyo, kwa kuwa haina hadithi, haina waigizaji, wala haina mazungumzo. Hata hivyo hutajwa siku zote kuwa filamu ya Vertov. Svilova alionyeshwa uso wake akifanya kazi, na bado dunia haikumwona.

Kisa chake kinafungua suala la wanawake katika kazi hii. Katika miongo ya mwanzo ya Hollywood wahariri wengi walikuwa wanawake. Kukata na kuunga ukanda kulifananishwa na kushona, na kushona kulihesabiwa kuwa kazi ya wanawake isiyohitaji jina. Anne Bauchens alihariri filamu za Cecil B. DeMille kwa takriban miaka 40, hadi Amri Kumi ya mwaka 1956. Margaret Booth aliyeanzia kazini enzi za filamu bubu alikuja kuwa msimamizi wa wahariri wa kampuni ya MGM kwa miaka mingi, na filamu za kampuni hiyo zilipita mikononi mwake kabla ya kutolewa. Watu hawa waliujenga mtindo wa usimulizi ambao dunia nzima huuita wa Hollywood. Wapenzi wa filamu wanaoweza kuwataja ni wachache, ilhali majina ya wakurugenzi wa kampuni hizo yanajulikana hata na wasiopenda filamu.

Baadaye kukawa na mabadiliko kiasi. Dede Allen, aliyehariri Bonnie and Clyde ya mwaka 1967, hutajwa mara nyingi kuwa miongoni mwa wahariri wa kwanza wa Hollywood waliopewa jina lao peke yake katika orodha ya mwanzo ya filamu. Ikumbukwe kwamba hapo palikuwa pamepita zaidi ya miaka 70 tangu onyesho la ndugu Lumière. Thelma Schoonmaker amehariri filamu zote ndefu za kubuni za Martin Scorsese tangu Raging Bull ya mwaka 1980, na amepata tuzo ya Oscar mara tatu. Ushirikiano wao unajulikana kwa sababu Scorsese mwenyewe huutaja kila apatapo nafasi. Jambo hilo ni la kupongezwa, lakini pia ni la kusikitisha: haki inayotegemea ukarimu wa mwenzi wa kazi si haki bado.

Ukubwa wa kazi yenyewe unaweza kupimwa kwa takwimu zilizoandikwa na Walter Murch, mmoja wa wahariri wa Apocalypse Now ya mwaka 1979. Ukanda uliorekodiwa kwa filamu hiyo ulizidi futi milioni 1.2, yaani saa 230 hivi za picha. Filamu iliyotolewa ilikuwa na muda wa saa 2 na dakika 25. Maana yake ni kwamba katika kila dakika 95 zilizorekodiwa ilibaki moja tu. Murch alikokotoa pia kwamba, ikigawanywa kwa siku za kazi, kila mhariri alifanya wastani wa mikato 1.47 kwa siku. Msomaji asidhani kwamba huo ni uvivu. Mkato mmoja unaobaki ni matokeo ya mikato mingi iliyojaribiwa, ikatazamwa, ikajadiliwa na kufutwa. Anayechagua dakika moja na kukataa 94 hawezi kusemwa kwamba alifuata maagizo tu.

5. Tuzo na Sheria

Tuzo za Oscar zilianza kutolewa mwaka 1929, na tangu mwanzo upigaji picha ulikuwa na tuzo yake. Uhariri ulisubiri hadi ulipofika wakati wa kutuza filamu za mwaka 1934. Hata baada ya hapo, nafasi yake haikuwa imara. Mwezi Februari 2019 waandaaji wa tuzo hizo walitangaza kwamba tuzo nne, ikiwamo ya uhariri, zingetolewa wakati wa matangazo ya biashara. Wakabatilisha uamuzi huo siku chache baadaye kutokana na malalamiko. Mwaka 2022 tuzo nane, ya uhariri ikiwa miongoni mwao, zilitolewa kabla ya matangazo ya moja kwa moja kuanza, na sehemu zake zikapachikwa baadaye katika matangazo hayo. Kwa maneno mengine, hotuba ya mhariri aliyeshinda ilikatwa na kuungwa na wahariri ili muda upatikane. Mwaka uliofuata tuzo zote zilirudishwa jukwaani.

Kinyume na dharau hiyo, kumbukumbu za tuzo hizo hizo zinaonyesha jambo jingine. Kwa filamu zilizotoka tangu mwaka 1981 hadi 2013, kila filamu iliyotangazwa kuwa bora ya mwaka ilikuwa pia imependekezwa kwa tuzo ya uhariri. Mfululizo huo ulikatizwa na Birdman ya mwaka 2014, filamu iliyokusudiwa ionekane kama kipande kimoja kisichokatwa. Lakini hata hiyo ilikuwa na wahariri, Douglas Crise na Stephen Mirrione, na kazi yao ilikuwa kuficha maungio. Waliifanya vizuri mno kiasi kwamba haikuonekana.

Kwa upande wa sheria, Mkataba wa Berne unampa mtunzi haki ya kutambuliwa kuwa ndiye mtunzi wa kazi yake. Swali ni nani mtunzi wa filamu. Sheria ya Ufaransa, ambayo ni miongoni mwa zinazowajali sana wasanii, huwadhania kuwa watunzi wa pamoja mwandishi wa mswada, mwandishi wa urekebishaji, mwandishi wa mazungumzo, mtunzi wa muziki uliotungwa mahususi kwa filamu, na mwongozaji. Mhariri hamo. Aliyetunga wimbo wa dakika tatu ametajwa. Aliyezipanga dakika zote za filamu hakutajwa. Matokeo yake ni kwamba kutajwa kwa mhariri hubaki kuwa suala la mkataba na desturi. Mwenye nguvu ya kudai hupata, na asiye nayo hukubali anachopewa.

6. Pingamizi na Majibu

Pingamizi la kwanza ni kwamba mhariri hutekeleza tu matakwa ya mwongozaji. Ni kweli kwamba mwongozaji ndiye mwenye neno la mwisho katika filamu nyingi, na pengine mtayarishaji humzidi. Lakini mpigapicha naye huongozwa, mwigizaji huongozwa, na mtunzi wa muziki huambiwa anachotakiwa kutunga. Hakuna anayesema kwamba kwa sababu hiyo majina yao yafichwe. Kama utii ungefuta haki ya kutajwa, basi filamu ingebaki na jina moja tu, na hata jina hilo lingekuwa la mwenye fedha.

Pingamizi la pili ni kwamba uhariri mzuri ni ule usioonekana, kwa hiyo mhariri hana budi kukubali kutoonekana. Hapa kuna mkanganyiko wa mambo mawili. Kinachotakiwa kisionekane ni maungio, si muungaji. Mshono mzuri wa kanzu hauonekani, lakini fundi wake hutafutwa mji mzima. Fonolojia ya lugha nayo haionekani kwa msemaji, wala hakuna anayesema kwamba kwa hiyo haistahili kufundishwa.

Pingamizi la tatu ni kwamba wadai ni wengi. Akitajwa mhariri, atadai mtu wa sauti, wa taa, wa mavazi na wa rangi. Hoja hii ina uzito, kwani orodha ya mwanzo haiwezi kubeba watu mia. Jibu ni kutafuta kigezo. Kigezo kinachopendekezwa hapa ni hiki: je, kazi ya mtu huyu ikibadilishwa, hadithi yenyewe itabadilika? Mavazi yakibadilishwa, sura ya hadithi hubadilika, hadithi hubaki. Mpangilio ukibadilishwa, mwenye hatia anaweza kuonekana hana hatia, na aliyependwa akaonekana hakupendwa. Kwa kigezo hiki mhariri huingia pamoja na mwandishi na mwongozaji, na hakuna haja ya kuogopa mafuriko ya majina.

Pingamizi la nne limo katika methali: mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Husemwa kwamba mhariri akijua kwamba anatazamwa ataanza kujionyesha, na filamu zitajaa mikato ya kujitangaza. Methali hii haipingwi. Lakini jina si sifa peke yake; ni dhima pia. Filamu mbovu inapotolewa bila jina la mhariri, hakuna wa kuulizwa. Kumtaja ni kumweka mahali anapoweza kusifiwa na kulaumiwa. Mgema anayejulikana kwa jina huchunga zaidi anachokitia katika kibuyu kuliko yule ambaye tembo lake huuzwa bila kujulikana limetoka mnazi gani.

7. Filamu za Kiswahili

Mambo haya yana uzito wa pekee katika Afrika Mashariki. Tangu miaka ya mwanzo ya 2000 filamu za Kiswahili zimetoka kwa wingi, kwanza katika kanda na sahani zilizouzwa Kariakoo na kwingineko, kisha katika televisheni na mtandao. Kwenye majalada yake ni kawaida kuona nyuso za waigizaji na jina la kampuni. Mhariri huonekana mara chache. Wapenzi wa filamu za Kenya wanaomkumbuka David Gitonga, mwongozaji wa Nairobi Half Life ya mwaka 2012, ni wengi. Wanaojua kwamba filamu hiyo ilihaririwa na Mkaiwawi Mwakaba si wengi. Hata hivyo, kasi ya filamu hiyo, jinsi inavyomtia mtazamaji katika msukosuko wa jiji pamoja na kijana aliyetoka shamba, haikutoka mtaani moja kwa moja. Ilipimwa na mtu.

Katika kazi za bei nafuu hali ni ngumu zaidi. Mhariri hupokea picha zilizorekodiwa kwa haraka, sauti yenye kelele za barabarani, tukio lisilo na mwisho kwa sababu mwigizaji hakurudi siku ya pili. Hutakiwa aviunganishe kwa siku chache mbele ya kompyuta. Filamu ikitoka ikapendwa, mwigizaji hupata mkataba mwingine kwa sababu anajulikana. Mhariri akienda kutafuta kazi nyingine hana cha kuonyesha ila maneno yake, kwa kuwa jina lake halimo. Hapa kutajwa si suala la fahari. Ni suala la riziki: jina katika filamu ndicho cheti cha mtu asiye na cheti kingine.

Wasomi wa Kiswahili hawana sababu ya kuona jambo hili kuwa geni. Taaluma yao imesimama juu ya mabega ya watu wa namna hii. Tungo za Muyaka bin Haji zisingefika zilivyofika kama Mwalimu Sikujua wa Mombasa hangezikusanya kutoka vinywani mwa watu na kumweleza maana zake W. E. Taylor, na kama William Hichens hangezihariri na kuzichapisha mwaka 1940. Anayeinukuu diwani hiyo leo humtaja Muyaka, na kanuni za kitaaluma humlazimisha amtaje mhariri. Hata katika mnyororo huo, jina la Sikujua ndilo linalosahaulika upesi, naye ndiye aliyefanya uchaguzi wa kwanza wa kipi kihifadhiwe na kipi kiachwe. Desturi ya kuwataja wapangaji wa matini ipo, ingawa haijakamilika. Ajabu ni kwamba mwanafunzi yule yule anayekatwa alama kwa kutomtaja mhariri wa diwani huruhusiwa kuandika tasnifu nzima juu ya filamu bila kumtaja mhariri wake hata mara moja.

8. Hitimisho

Yaliyoelezwa yanaonyesha kwamba mhariri wa filamu si mpambaji wala msahihishaji. Ndiye anayegeuza lundo la picha kuwa usemi wenye mpangilio, mapigo na maana. Historia imemficha kwa sababu kazi yake hufanyika chumbani, kwa sababu kwa muda mrefu ilihesabiwa kuwa ya kike, na kwa sababu lugha inayotumika kuizungumzia imeondoa nafasi ya mtenda.

Inapendekezwa, kwa hiyo, kwamba jina la mhariri litajwe mwanzoni mwa filamu, peke yake na kwa muda wa kutosha kusomeka, na liandikwe kwenye jalada na bango pamoja na ya mwandishi na mwongozaji. Inapendekezwa kwamba mikataba ya watayarishaji, hata ile ya kurasa mbili, iwe na kifungu cha kutajwa. Maktaba na hifadhi zinazoorodhesha filamu za Kiswahili ziwe na sehemu ya mhariri katika kila kumbukumbu. Na idara za Kiswahili, ambazo sasa zinafundisha filamu pamoja na tamthilia na riwaya, zidai jina la mhariri katika kila tasnifu na kila makala ya uhakiki wa filamu.

Pendekezo hili la mwisho halihitaji fedha, sheria mpya wala ruhusa ya mtu. Linahitaji mhakiki aache kauli ya kutendeka na kurudi kwenye kauli ya kutendwa: si filamu imepangika, bali filamu imepangwa na fulani. Wahenga walisema mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Mhariri wa filamu haombi hata nusu ya kwanza ya methali hiyo ifutwe. Filamu yake ikiwa mbaya, na anyongwe kwa ubovu wake. Lakini kwanza ajulikane ni nani.